Matairi ya A/T kwenye pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pikapu ya kazi, iwe ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200 au Land Cruiser. Mifano mingi inatoka Iringa, Mufindi na bonde la Usangu, kwa sababu huko ndiko ninakoendesha Hilux yangu, na kwa sababu ndani ya safari moja ya siku mbili dereva wa huko hukutana na karibu kila aina ya njia: lami ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, changarawe, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na udongo mweusi wa mbuga ambao ukilowa haumchagui mtu.

Herufi A/T ubavuni mwa tairi zina maana gani?

Ni kifupi cha All-Terrain, yaani njia za kila aina: alama ambayo kiwanda huweka kwenye tairi lililokusudiwa kutembea juu ya lami na nje ya lami bila kuelemea mno upande mmoja. Ndugu zake ni wawili. H/T ni tairi la barabara kuu, ambalo meno yake yamekaribiana na mifereji yake ni myembamba. M/T ni tairi la matope, lenye meno makubwa yaliyoachana sana. A/T hukaa katikati: meno yake ni makubwa kuliko ya H/T, mifereji yake ina kina cha milimita 10 hadi 13 hivi likiwa jipya (tairi la H/T mara nyingi huanzia milimita 8 au 9), na juu ya kila jino kuna mikato midogo inayosaidia kushika sehemu laini yenye maji.

Herufi hizo hazitokani na kipimo cha kisheria. Kila kiwanda huamua chenyewe tairi lipi liitwe A/T, na ndiyo maana utakuta moja linalokaribia kuwa la lami tupu na jingine linalokaribia kuwa la matope, yote mawili yakiwa na herufi zilezile. Alama ya M+S (matope na theluji) nayo inahusu umbo la meno tu. Kwa hiyo litazame tairi lenyewe kabla ya kusoma maandishi yake: pitisha kidole kwenye mifereji, angalia kama meno ya pembeni yameteremka hadi ubavuni, na bonyeza ubavu uone ugumu wake.

Nitajuaje kama ninahitaji matairi ya A/T?

Chukua daftari, uandike kwa mwezi mmoja kilomita unazotembea kwenye lami, kwenye changarawe na kwenye njia za shamba. Watu wengi hununua matairi kwa kuikumbuka siku moja mbaya ya masika waliyokwama hadi usiku, kisha wanayatumia siku mia tatu zilizobaki kwenda benki, sokoni na kanisani. Tairi linunuliwe kwa ajili ya njia ya kila wiki. Siku ile moja ina dawa nyingine, nazo ni koleo, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, na uamuzi wa kulala ulipo hadi njia ikauke.

Ikiwa sehemu tisa kati ya kumi za safari zako ni lami, na iliyobaki ni changarawe ngumu ya kiangazi, tairi zuri la H/T lenye uwezo wa kubeba mzigo wako litakutosha. Litasimama kwa umbali mfupi zaidi kwenye lami yenye maji, litatulia zaidi, na litakula mafuta kidogo. Ikiwa theluthi moja au zaidi ya safari zako iko nje ya lami, A/T ina haki ya kuwapo kwenye gari lako.

Wanaoisifu A/T kwa sababu ya tope peke yake wanaiacha faida yake kubwa katika nchi yetu. Kinachoua matairi hapa ni mawe yenye ncha, miiba ya migunga, mashimo yenye kingo kali, na kokoto zinazokata mpira kidogo kidogo kila siku. A/T iliyotengenezwa vizuri ina mpira mnene zaidi chini ya meno na ubavu ulioimarishwa. Miezi kumi na miwili yenye pancha chache ina thamani kubwa kuliko kupita kwenye dimbwi moja mwezi wa Aprili.

Vipi kuhusu M/T?

Ni tairi la mtu ambaye kazi yake imo ndani ya tope: anayevuta magogo msituni, au anayepeleka mbolea mashambani katikati ya masika kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwenye lami huisha haraka, huvuma, na breki zake kwenye lami yenye maji ni dhaifu. Mimi simshauri mtu anayeteremka mlima Kitonga kila wiki katikati ya malori afunge M/T.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinasomwaje?

Tuchukue namba inayopatikana kwenye Hilux na Ranger nyingi: 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia, kwa maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172 hivi. Herufi R inaonyesha kwamba ni tairi la radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili unapata kipenyo cha tairi zima, ambacho hapa ni takriban milimita 776.

Namba 112 ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayomhusu zaidi mwenye pikapu. Ni namba ya jedwali la uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi limekusudiwa kuuhimili: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Usifunge tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyotoka na gari, hata kama bei yake inavutia na meno yake yanapendeza. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyobeba mifuko ya mahindi haijui kwamba uliokoa fedha.

Herufi LT na habari ya plai ni nini?

Tairi ambalo namba zake zimetanguliwa na LT limetengenezwa kwa ajili ya malori mepesi. Lina kuta nzito zaidi na linaweza kujazwa upepo mwingi zaidi. Zamani uimara ulihesabiwa kwa tabaka za pamba zilizokuwa ndani ya tairi, na ndiko lilikotoka neno plai. Siku hizi plai 6, 8 au 10 ni daraja la nguvu, si hesabu ya tabaka halisi. Daraja hizo huandikwa pia kwa herufi C, D na E kwa mfuatano huohuo.

Wauzaji wengi husema kwamba plai nyingi ni bora daima. Mimi sikubaliani nao. Tairi la plai 10 ni zito, ni gumu kwenye gari tupu, huongeza kazi ya shokomzoba na breki, na humtikisa abiria wa nyuma mpaka achoke. Kwa anayebeba tani moja mara kwa mara, au anayepita kwenye mawe makali kila wiki, uzito huo una malipo yake. Kwa mwenye dabo kebini (pikapu yenye safu mbili za viti) anayebeba familia, mizigo ya kawaida na jenereta mara mojamoja, tairi la kawaida la A/T lenye namba ya uzito sahihi linatosha.

Kuna jambo moja la kuzingatia ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda la LT. Ili libebe uzito uleule, tairi la LT huhitaji upepo mwingi zaidi. Namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva iliwekwa kwa kuzingatia tairi lililotoka na gari, kwa hiyo ukibadili aina, muulize muuzaji jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo jipya, badala ya kuendelea na namba ya zamani.

Je, nifunge matairi makubwa kuliko yaliyotoka na gari?

Hatua moja hufanyika mara nyingi, kwa mfano kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17. Kipenyo huongezeka kutoka milimita 776 hadi 803 hivi, yaani asilimia 3.4. Unachopata chini ya ekseli ni nusu ya ongezeko hilo, milimita 13 tu, ambazo ni kama unene wa kidole. Wanaotarajia gari lao livuke mawe ambayo jana halikuvuka watakata tamaa.

Gharama zake ni za kudumu. Spidomita itasoma chini kuliko zamani: pale ambapo matairi ya kiwandani yangekupa kilomita 100 kwa saa, haya yatakupa 103 na ushee sindano ikiwa palepale. Gari litavuta kwa shida kidogo katika gia zote, na utalihisi hilo kwenye mlima ukiwa na mzigo. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linaweza kugusa kizuia matope au plastiki iliyo ndani ya bawa, hasa magurudumu ya mbele yanapoingia shimoni. Kabla ya kulipa, omba lifungwe moja mbele, ukate usukani pande zote mbili, na urudie hivyo ukiwa umeegesha gurudumu hilo juu ya kizingiti.

Kwa wengi, ukubwa uliotoka na gari ndio bora, na kwa sababu ya ziada isiyosemwa sana: ndio unaopatikana Mafinga, Makambako na Mbeya siku tairi lako litakapopasuka.

Tairi pana ndilo linaloshika zaidi?

Inategemea kilicho chini. Kwenye tope jepesi lililofunika ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope na kufika kwenye ugumu. Land Cruiser za pikapu za mfululizo wa 70 zilitumia tairi jembamba la 7.50R16 kwa miaka mingi, na zimepita mahali pengi. Kwenye mchanga mkavu unahitaji gari lielee, lakini njia ya kuelea si lazima iwe upana: ukipunguza upepo, alama ya tairi ardhini hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, na urefu huo ndio unaokubeba.

Nijaze upepo kiasi gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na laiti watu wangeliuliza kabla ya kuuliza habari za meno. Nimeona Hilux yenye matairi chakavu ya H/T na upepo uliopunguzwa vizuri ikipita mahali ambapo gari jipya lenye A/T za bei kubwa, zilizojazwa hadi zikakaza kama ngoma, lilikuwa limezama.

Mwanzo wa hesabu ni kibandiko cha mlango wa dereva, kinachotaja upepo wa mbele na wa nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari au baada ya kusimama saa tatu au zaidi. Joto likipanda kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, upepo hupanda takriban PSI 1 (PSI ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji). Kwa hiyo tairi ulilolipima Mafinga alfajiri ya Julai litaonyesha namba ya juu zaidi saa nane mchana baada ya mwendo mrefu, na hupaswi kulipunguza kwa sababu hiyo, maana likipoa litabaki na upungufu.

Nunua geji yako mwenyewe. Geji za kando ya barabara zimeanguka mara nyingi, na nyingine hazisemi kweli. Fundi mmoja aliwahi kunijazia matairi ya mbele nikiwa na haraka, nami sikukagua. Nilipofika kwenye changarawe usukani ulikuwa unarukaruka mikononi, na nilipopima nilikuta PSI 48 mahali palipotakiwa 30 na kitu. Gari lilikuwa linagusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati ya tairi.

Ukiacha lami, punguza. Kwenye changarawe yenye mawimbi yale yanayotetemesha dashibodi nzima, kutoka PSI 35 hadi 28 au 30 kunatosha: tairi hulainika, humeza mtetemo kabla haujafika kwenye shokomzoba, na mawe makali hulibonyeza badala ya kulitoboa. Kwenye matope, 20 hadi 25. Kwenye mchanga mzito, 16 hadi 20. Namba hizi ni za pikapu isiyo na mzigo mkubwa. Ukiwa umebeba tani moja, usishuke kiasi hicho. Kadiri upepo unavyopungua ndivyo mwendo unavyopaswa kupungua. Ukiwa na PSI 18, usizidi kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa ghafla, kwa sababu ukingo wa tairi unaweza kutoka kwenye rimu.

Kisha rudisha upepo kabla ya kushika lami. Sharti hili halina msamaha. Tairi lenye upepo mdogo linalokimbia kwenye lami hujikunja ubavuni mamia ya mara kwa dakika, kila mkunjo huzaa joto, na joto hulegeza gundi iliyoshikanisha mpira na nyaya za chuma. Mpasuko unaweza kutokea siku hiyohiyo au wiki mbili baadaye, na dereva atalaumu kiwanda. Pampu ndogo ya volti 12 inayounganishwa kwenye betri huchukua dakika kadhaa kwa kila tairi. Kwangu hiyo ni gharama ya kwanza baada ya matairi yenyewe, kabla ya taa za ziada na kabla ya bampa ya mbele.

Kuna njia rahisi ya kukagua kama ulichagua upepo unaofaa. Pima tairi likiwa baridi, endesha kwa saa moja, kisha pima tena. Ongezeko la PSI 4 hadi 6 ni la kawaida. Likizidi hapo sana, tairi linajikunja kupita kiasi, maana yake ulianza na upepo mdogo kwa mzigo na mwendo huo. Likiwa chini sana ya hapo, ulianza na upepo mwingi.

Nilifunga A/T na bado nilikwama. Tairi langu ni bovu?

Huenda si bovu. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usangu, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ukiwa umelowa hunata kwenye mpira. Unajaza mifereji ya A/T ndani ya mizunguko michache, na kuanzia hapo gurudumu lako linakuwa duara la udongo lisilo na meno. Mifereji mipana ya M/T hujitapika vizuri zaidi, lakini hata hiyo hufika mahali ikashindwa. Wenyeji wanaovuka mbuga hizo huangalia mawingu kuliko wanavyoangalia matairi, na mvua ikinyesha usiku, husubiri.

Ikiwa lazima upite, punguza upepo kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Tumia foo-wili (magurudumu yote manne yakisukuma) ya mwendo wa juu na gia ya pili, ili magurudumu yazunguke kwa kasi ya kutosha kutupa udongo nje, na usisimame katikati. Ukiona gari limeacha kusonga, toa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure unalichimbia gari kaburi.

Udongo mwekundu wa Mufindi una tabia nyingine. Mara nyingi chini yake ni imara, na kinachoteleza ni utando wa juu. Hapo mikato midogo iliyo juu ya meno hufanya kazi kweli, na mwendo wa polepole hushinda nguvu. Ukiteremka kati ya mashamba ya chai baada ya mvua, ingiza gia nzito uache injini ishike gari, kwa sababu gurudumu lililofungwa na breki halifuati usukani.

Je, A/T zinafaa kwenye lami yenye maji?

Zinafaa kwa dereva anayejua kwamba umbali wa kusimama umeongezeka. Meno makubwa yenye nafasi katikati yana maana kwamba mpira unaogusa lami ni mchache kuliko wa H/T, na matairi mengi ya kazi, hasa ya LT, yametengenezwa kwa mpira mgumu unaostahimili kukatwa na mawe lakini usioshika sana lami laini iliyolowa. Mvua za kwanza za vuli ndizo za hatari zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyomwagika kiangazi chote huelea juu ya lami kabla hayajasombwa. Pikapu tupu ina uzito mdogo nyuma, na ekseli ya nyuma ndiyo inayosukuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona hapo, nyuma inaweza kukupita.

Yatakula mafuta zaidi na kupiga kelele?

Ndiyo, kwa kiasi. Tairi zito lenye meno rahisi kujikunja hupoteza nguvu zaidi linapozunguka. Lakini kabla ya kulalamika, sahihisha hesabu. Ukiwa umeongeza ukubwa kwa asilimia 3.4, kila kilomita 500 zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ni takriban 517 halisi. Anayegawa lita kwa kilomita za dashibodi bila kusahihisha ataona ulaji mkubwa kuliko uliopo.

Kelele ya tairi jipya la A/T la kisasa huzoeleka. Kelele inayokua mwezi hadi mwezi ni habari tofauti: inaonyesha kwamba kila jino linaisha upande mmoja kuliko mwingine, na dawa yake ni kuzungusha matairi, yaani kuyabadilishana nafasi, mapema.

Matairi yazungushwe baada ya kilomita ngapi?

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000, au mapema zaidi ukiwa unatembea sana kwenye changarawe. Kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, matairi ya nyuma yahamie mbele upande uleule, na ya mbele yaende nyuma kwa kubadilishana pande. Ikiwa tairi la akiba ni sawa kabisa na mengine, liingize kwenye mzunguko ili yote matano yaishe pamoja. Fanya alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu) siku unapofunga matairi mapya, na urudie kila baada ya kuingia shimo kubwa. Alaimenti mbovu inaweza kumaliza bega la tairi la mbele ndani ya miezi michache. Baada ya rimu kufunguliwa na kufungwa, kaza nati upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Naweza kufunga A/T mbili tu, au kuchanganya aina?

Kwenye pikapu yenye foo-wili ya kuunganisha kwa mkono, hapana. Ukiunganisha, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa kasi moja. Matairi yenye vipenyo tofauti, hata kwa tofauti ya mpya na kuukuu, husukumana kupitia gia boksi ya foo-wili, na kwenye ardhi ngumu mvutano huo hauna pa kutokea. Ndiyo sababu pia foo-wili ya aina hiyo haitumiki kwenye lami kavu. Kwenye gari la tu-wili hasara ni nyingine: mbele na nyuma hushika barabara tofauti, na siku ya breki za ghafla utaiona tofauti hiyo.

Pancha ya A/T inazibwaje?

Tundu la mwiba au msumari lililo kwenye eneo la meno huzibwa njiani kwa utambi wa mpira, na dereva yeyote anaweza kujifunza kazi hiyo kwa dakika kumi. Ukifika mjini, livuliwe kwenye rimu na litiwe kiraka cha ndani, kwa sababu huko ndiko fundi pancha anakoweza kuona kama nyaya zimekatika. Jeraha la ubavuni halizibwi. Ubavu hujikunja kila mzunguko, na hakuna kiraka kinachodumu hapo kwa usalama. Kutia tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ni njia ya kukufikisha mjini polepole, si matengenezo, kwani msuguano kati ya mipira hiyo miwili huzaa joto.

Ninunue ya kiwanda gani?

BFGoodrich imekuwa ikiuza matairi ya jina All-Terrain T/A tangu mwaka 1976, na toleo la KO2 lililoanza 2014 limefuatiwa na KO3 mwaka 2024. Yokohama ina Geolandar, Bridgestone ina Dueler, Dunlop ina Grandtrek, General Tire ina Grabber, Toyo ina Open Country. Yote yana matoleo mazuri ya A/T. Ushauri wangu ni kuchagua lile ambalo tairi la tano la aina hiyohiyo utalipata baada ya miaka miwili katika mji ulio karibu nawe. Tairi bora linaloagizwa kwa wiki sita halimfai mtu ambaye gari lake ndilo mkate wake.

Soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kama tairi "jipya" limekaa dukani miaka minne, hasa mahali lilipopigwa na jua, dai bei nyingine au uondoke. Kwa matairi yaliyotumika, mimi sinunui lililopita miaka mitano, hata kama meno yake ni marefu.

Yatadumu kwa muda gani, na niyaondoe lini?

Huko Marekani baadhi ya matairi ya A/T, ikiwemo KO2, yaliuzwa na dhamana ya maili 50,000, ambazo ni takriban kilomita 80,000. Hiyo ni hesabu ya barabara zao. Kwenye changarawe yetu na mizigo yetu, tarajia pungufu ya hapo.

Ndani ya mifereji kuna vijinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Lakini A/T hupoteza kazi yake ya nje ya lami mapema zaidi: likibaki na milimita 4 hivi, kwenye tope ni sawa na la barabara kuu, na kwenye lami yenye maji tayari halitoi maji vizuri. Umri nao una mwisho wake. Baada ya miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha miaka kumi liondolewe, hata kama linaonekana zima. Uvimbe ubavuni, nyaya zinazoonekana, au nyufa zinazoingia ndani kwenye mizizi ya meno ni sababu za kulivua siku hiyohiyo.

Tairi la akiba lililofungwa chini ya bodi huzeeka sambamba na mengine, na hupoteza upepo bila mtu kuona. Lipime kila mwezi. Wakati huohuo shusha winchi yake, upake grisi mnyororo, na hakikisha jeki inafikia ekseli baada ya gari kuinuliwa na matairi mapya. Ifanyie majaribio nyumbani mchana, juu ya udongo, ukiwa na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kisha uache ubao huo ndani ya gari.